Mkurugenzi Anawajibika kwa Nani? Funzo la Historia ya Sheria ya Makampuni

Mtu akitaja kampuni, wengi wetu tunafikiria jengo, mashine na magari. Kwa sheria, kampuni ni mtu wa kubuni. Inaweza kumiliki mali, kudai na kudaiwa, lakini haina macho wala mikono. Macho na mikono yake ni wakurugenzi, nao wanashika mali isiyokuwa yao. Kwa hiyo hapana budi kada na mwanafunzi ajiulize: mtu huyu anawajibika kwa nani? Jibu la swali hilo halikutoka mbinguni. Limebadilika kufuatana na nguvu za kiuchumi za kila kipindi.

1. Chanzo chake Uingereza

Sheria ya makampuni ya Tanganyika ilitoka Uingereza, na ndiyo sababu tunaanzia huko. Mwaka 1844 Bunge la Uingereza liliruhusu kampuni iundwe kwa kuandikishwa tu, bila kuomba hati ya Mfalme wala sheria maalum ya Bunge. Mwaka 1855 liliongeza kinga kubwa, yaani dhamana yenye kikomo: kampuni ikifilisika, mwenye hisa hupoteza kile alichoahidi kuweka, si zaidi. Ubepari uliokuwa ukikua ulihitaji kukusanya akiba za watu wengi wasiojuana na kuziweka mikononi mwa wachache.

Hata hivyo, sheria ya 1844 ilikuwa imedai mizania na ukaguzi wa hesabu. Sheria ya 1856 iliondoa lazima hiyo, ikaiacha kuwa hiari ya kampuni. Basi wenye mitaji walipewa kinga, na papo hapo daftari likafungwa. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Matokeo yalionekana Uskochi mwezi Oktoba 1878, ilipoanguka Benki ya Jiji la Glasgow. Benki hiyo haikuwa na kikomo cha dhamana. Kwa miaka kadhaa wakuu wake walikuwa wamewakopesha wateja wachache fedha nyingi mno, na kuficha hasara kwa mizania ya uongo. Wenye hisa walikuwa zaidi ya 1,800. Kwa kila hisa ya paundi 100 walidaiwa jumla ya paundi 2,750, na wengi wao wakafilisika. Mapema mwaka 1879 wakuu saba wa benki hiyo walihukumiwa: wawili miezi 18 jela, watano miezi 8. Mwaka huo huo sheria ikazilazimisha benki zilizoandikishwa upya kwa dhamana yenye kikomo zikaguliwe kila mwaka. Sheria ilifika baada ya nyumba kuungua.

Na mkurugenzi asiyeiba, lakini pia asiyefanya kazi, je? Mwaka 1848 Bwana mkubwa wa Bute alirithi urais wa benki ya akiba ya Cardiff akiwa mtoto wa miezi sita. Katika miaka 38 alihudhuria mkutano mmoja tu. Mali ya benki ilipoibwa na mtumishi wake, mahakama iliamua mwaka 1892 kwamba yeye hana hatia. Mwaka 1925, katika kesi ya kampuni ya bima ya City Equitable, Jaji Romer alieleza kwamba mkurugenzi halazimiki kushughulikia kampuni wakati wote, wala kuonyesha ujuzi kuliko ule unaotazamiwa kwa mtu mwenye elimu na uzoefu kama wake. Maana yake ni kwamba mjinga alipimwa kwa ujinga wake. Zaidi ya hayo, katiba ya kampuni hiyo iliwakinga wakurugenzi wazembe wasilipe. Sheria ya 1929 ilipiga marufuku kinga ya namna hiyo.

2. Sheria inavuka bahari

Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Makampuni ya Tanganyika kwa kufuata ile ya Uingereza ya 1929. Iliyafaa makampuni ya mkonge, biashara na migodi, ambayo wenye hisa wake wengi walikaa ng'ambo. Mkata mkonge hakuwa na nafasi katika bodi. Alionekana katika sheria hasa siku kampuni inapokufa, akiwa mdai wa mshahara wake. Mkurugenzi aliwajibika kwa kampuni, na kwa vitendo kampuni ilikuwa ni wenye hisa.

3. Mwenye hisa anabadilika

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liligusa suala hili moja kwa moja. Miiko ya Uongozi ilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, au kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Mwezi Februari mwaka huo benki zilitaifishwa, na serikali ikachukua hisa katika viwanda kadhaa. Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 ukaagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma. Mwongozo wa TANU wa 1971 ukalaani viongozi wenye kiburi, anasa na uonevu. Wafanyakazi waliuchukua Mwongozo huo kwa uzito: katika miaka iliyofuata waliweka zana chini katika viwanda kadhaa, na kuwahoji mameneja mbele ya watu.

Lakini hapa ndipo penye funzo. Makampuni mengi ya umma yaliendelea kuandikishwa chini ya sheria ile ile ya 1932. Mwenye hisa alibadilika; sheria ya mkurugenzi haikubadilika. Mabaraza yalishauri, hayakuamua. Mwongozo ulikuwa sera, na mfanyakazi hakuweza kuupeleka mahakamani. Wananchi walikuwa wenye mali wasiokuwa na mkutano wa wenye hisa. Ubeberu na bei mbaya za mazao duniani vilichangia matatizo ya mashirika hayo, lakini haitoshi kulaumu mambo ya nje. Ilipofika miaka ya 1990, mengi yalikuwa yakiuzwa au kufungwa.

4. Sheria ya 2002

Sheria ya 1932 ilidumu zaidi ya miaka 70. Sheria ya Makampuni ya 2002, iliyoanza kutumika 2006, iliandika wazi wajibu wa mkurugenzi: awe mwaminifu, atumie madaraka kwa kusudi lililowekwa, ajali masilahi ya wafanyakazi, na awe mwangalifu kwa kipimo cha mtu mwenye ujuzi unaopasa cheo chake. Mtoto wa miezi sita hana tena mahali pa kujificha. Hata hivyo, wajibu wa kuwajali wafanyakazi ni deni la mkurugenzi kwa kampuni, si kwa wafanyakazi wenyewe. Anayeumia siye mwenye haki ya kudai.

5. Mafunzo

Kwanza, marekebisho ya sheria hii mara nyingi yamefuata maafa. Wajibu wetu ni kuyatangulia. Pili, kubadili mwenye mali bila kubadili uwajibikaji wa anayeishika ni nusu ya kazi. Tatu, uwajibikaji bila hesabu za wazi na bila mtu mwenye haki ya kuuliza ni maneno matupu.

Katika vikundi vya mafunzo tujadili basi: bodi tunayoijua ilisoma hesabu zake lini? Nani ana haki ya kuzidai? Na akinyimwa, aende wapi? Pale ambapo swali la mwisho halina jibu, ndipo kazi ya kurekebisha sheria inapoanzia.