Ubishi wa kimbwetani: nani aliiua British Leyland?

Haya wadau, nimerudi. Mnisamehe kwa ukimya, mitihani ya katikati ya muhula ilikuwa imenikaba koo. Leo sina habari za foleni ya kafteria wala za bumu kuchelewa. Leo nataka kumaliza ubishi.

Ilikuwa Ijumaa jioni pale kimbwetani. Tulikuwa wanne tunajiandaa kwa semina ya historia ya uchumi, mada yenyewe ni kuanguka kwa viwanda vya Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Jamaa yangu mmoja wa sheria, ambaye alikuja kutupa kampani tu, akadakia: "Ticha, mbona hiyo rahisi? Wale waliuliwa na migomo. Wafanyakazi wavivu, kila Jumatatu mgomo, magari yakawa mabovu, kiwanda kikafa. Ndiyo hadithi ileile ya viwanda vyetu." Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka. Baba yangu alifanya kazi miaka kumi na minne kwenye kiwanda cha nguo ambacho baadaye kilifungwa, na hilo neno "wavivu" amelisikia mpaka basi. Nikamwambia jamaa, nipe wiki moja nikujibu kwa maandishi. Jibu lenyewe ndilo hili, na nimeamua kutumia mfano wake mwenyewe wa magari.

Kwanza tujuane na marehemu. British Leyland ilizaliwa mwaka 1968, pale kampuni ya malori na mabasi ya Leyland ilipounganishwa na British Motor Holdings, huku serikali ya Uingereza ikisukuma kwa nyuma. Ndani ya nyumba hiyo moja wakajikuta Austin, Morris, Mini, MG, Rover, Land Rover, Triumph, Jaguar, Wolseley na wengine kibao. Kila magari kumi yaliyouzwa Uingereza wakati ule, karibu manne yalikuwa yao. Mwaka 1975 kampuni ikawa haina hela, serikali ikaitaifisha. Kufikia 1980 hawakufikisha hata magari mawili katika kumi. Sasa swali: katika miaka hiyo mnunuzi alikwenda wapi, na kwa nini aliondoka?

Mimi nilianza kwa kuangalia kitu ambacho jamaa yangu hakukigusa kabisa, yaani magari yenyewe. Ukipanga kwenye karatasi magari yote waliyokuwa wakiuza mwaka 1970, utashangaa. Mwaka 1963 kampuni mbili zilizokuwa zikishindana zilitoa magari ya kundi moja: Rover 2000 na Triumph 2000. Yote ya watu wa ofisini wenye nafasi, bei zinapakana. Ushindani halali kabisa. Lakini kufikia 1967 wote wawili walikuwa chini ya Leyland, na bado magari yote mawili yakaendelea kutengenezwa mpaka miaka ya 1970, kila moja na injini yake, bodi yake, spea zake na mafundi wake. Ni kama mama mmoja afungue magenge mawili ya nyanya mtaa mmoja, halafu ashangae kwamba genge la kwanza linamla mteja wa genge la pili.

Kuna mfano mwingine ulionifanya nicheke peke yangu maktaba mpaka dada mmoja akanigeukia. Rover walikuwa na injini ya V8 ya lita 3.5, waliyonunua haki zake kwa Wamarekani wa General Motors. Injini nyepesi, imara, imekubalika. Triumph nao wakataka V8 kwa ajili ya gari lao la starehe, Stag, lililotoka 1970. Mtu wa kawaida angesema kopeni ya ndugu yenu hapo chumba cha pili. Hapana. Wakatengeneza ya kwao ya lita 3. Ikawa inachemsha, gasketi zinaungua, na sifa mbaya ikatangulia kufika Marekani kabla ya gari lenyewe kuzoeleka. Stag zilizotengenezwa ni kama 26,000 hivi, basi. Sasa niambie, uamuzi ule ulipitishwa na mfunga nati?

Linganisha na Ford ya Uingereza. Wao miaka ileile walikuwa na ngazi inayoeleweka hata na mtoto: Escort kwa anayeanza maisha, Cortina kwa mwenye familia, Granada kwa bosi. Ukipandishwa cheo kazini unajua gari linalofuata. Cortina ikaongoza mauzo miaka mingi ya 1970. Haikuwa na maajabu ya ufundi. Lakini lilikuwa gari moja, likauzwa kwa sura nyingi, na hela yote ya utafiti ikaingia sehemu moja.

Turudi kwa marehemu. Mwaka 1971 walitaka kupambana na Cortina, wakatoa Morris Marina. Kwa kuwa hela na muda vilikuwa haba, mfumo wa miguu ya mbele wakautoa kwenye Morris Minor, gari la mwaka 1948! Yaani unapeleka vitani upinde wa babu. Mwaka 1973 ikaja Austin Allegro, kurithi 1100/1300 ambayo ilikuwa imependwa sana tangu 1962, ikauzwa zaidi ya milioni mbili. Mchoro wa kwanza wa Allegro ulikuwa wa gari jembamba, zuri. Lakini mabosi wakaagiza liingizwe injini ndefu iliyokwishakuwepo pamoja na mtambo mkubwa wa hita, ikabidi pua inyanyuliwe. Likatoka limevimba kama mtu aliyeumwa na nyuki. Juu ya hapo wakaliwekea usukani wenye pembe nne zilizoviringwa, eti ndiyo usasa. Watu waligoma kuupenda, na haukukaa muda ukaondolewa. Allegro zote mpaka 1982 hazikufika laki saba.

Lakini kilichoniuma zaidi kwenye Allegro ni buti. Miaka hiyo wanunuzi wa Ulaya walianza kupenda magari ambayo mlango wa nyuma unafunguka pamoja na kioo, unapakia hata kitanda. British Leyland waliujua mtindo huo, maana Austin Maxi yao ya 1969 ilikuwa nao. Basi wakaamua mlango huo uwe sifa ya Maxi peke yake, Allegro isiupate, ili mmoja asimnyang'anye mwenzake mteja. Mwaka mmoja baada ya Allegro, Volkswagen wakatoa Golf yenye mlango huohuo. Mnaijua Golf, mpaka leo ipo. Maxi yenyewe ilibebeshwa milango ya pembeni iliyotolewa kwenye gari kubwa zaidi la Austin, sura ikakosa mvuto, na gia zake za mwanzo zilimtesa dereva. Yaani waliogopa magenge yao yashindane mahali ambapo hapakuwa na haja ya kuogopa, na pale palipohitaji kuogopwa wakaacha yashindane.

Na bei je? Mini ilipotoka mwaka 1959 ilikuwa kitu cha ajabu. Alec Issigonis aliigeuza injini ikakaa kiupandeupande, magurudumu ya mbele ndiyo yanavuta, watu wanne wakaenea kwenye kigari kama kiberiti. Zaidi ya milioni tano zilitengenezwa mpaka mwaka 2000. Bei yake ya kuanzia haikufika pauni 500 pamoja na kodi. Ford walinunua moja, wakaifungua nati kwa nati na kupiga hesabu, wakaona kwa bei ile mwenye nayo anapata hasara ya kama pauni 30 kila gari. Yaani gari lililopendwa kuliko yote halikuleta hela ya kutengeneza linalofuata. Na hata faida ndogo iliyopatikana baada ya muungano wa 1968, sehemu kubwa ilikwenda kwenye gawio la wanahisa badala ya kununua mashine mpya. Hilo lilisemwa na ripoti ya Ryder iliyoandaliwa kwa serikali mwaka 1975. Si maneno yangu.

Sasa tuje kwenye gari tunalolijua. Mjomba wangu kule Mbulu alikuwa na Landrova 109, na kijiji kizima kilikuwa kinaiita "mkombozi". Ilipeleka wajawazito hospitali, ilibeba mbegu, ilibeba jeneza la bibi. Land Rover ilianza 1948 kama gari la kuziba pengo tu. Chuma kilikuwa cha mgawo, wakatumia bodi ya aluminiamu. Rangi ya kijani ilitokana na akiba ya jeshi. Maurice Wilks wa Rover alikuwa na shamba na jipu kuukuu la vita, akajua kabisa mkulima anataka nini. Hilo ndilo gari lililowashinda wanunuzi dunia nzima, zikafika milioni moja mwaka 1976. Hapa jirani Thika, Leyland Kenya ilianzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya kuunganisha magari.

Mwaka 1970 wakatoa na Range Rover, inayopita matopeni na kuingia hotelini siku hiyohiyo. Foleni ya wanunuzi ikawa ndefu. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo angejua la kufanya: ongeza mashine, ongeza milango, ongeza bei. Wao hela ya Solihull ikawa inakwenda kufukia mashimo ya Allegro na Marina. Range Rover ilikaa na milango miwili mpaka mwaka 1981. Miaka kumi na moja, wadau! Na wakati mteja wa Afrika na Australia anasubiri Landrova kwenye foleni, Toyota walikuja na Land Cruiser, zipo, spea zipo. Leo ukienda porini utaona mkonga wa Toyota mwingi kuliko kitu kingine.

Jamaa yangu atasema, "Mbona unakwepa migomo?" Sikwepi. Migomo ilikuwepo, tena mingi. Longbridge ilikuwa inasimama mara kwa mara, na mwaka 1979 mwakilishi mkuu wa wafanyakazi pale, Derek Robinson, aliyeitwa na magazeti "Robbo Mwekundu", alifukuzwa kazi. Magari mengi yalitoka na milango isiyofunga vizuri na rangi inayobanduka. Rover SD1 ya 1976 ilichaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya 1977, halafu waliolinunua wakalia kwa jinsi lilivyofungwa. Mfunga nati ana sehemu yake ya lawama, hilo nakubali bila ubishi.

Lakini sikiliza hili. Mwaka 1979 British Leyland waliingia mkataba na Honda. Mwaka 1981 likatoka Triumph Acclaim, ambalo kwa kweli ni Honda Ballade iliyobadilishwa jina. Liliunganishwa Cowley, Oxford, na Waingereza walewale, wenye vyama vyao vilevile. Likawa gari lenye madai machache kuliko yote ya matengenezo ya bure katika historia ya British Leyland. Mikono ni ileile. Kilichobadilika ni mchoro uliokamilika, sehemu zinazoingiana, na mpango wa kazi unaoeleweka. Na Cowley hiyohiyo, tangu 2001 BMW wanatengeneza Mini mpya pale na zinauzwa.

Mwisho wa marehemu mnaujua. Jina likabadilika kuwa Rover, British Aerospace wakalinunua 1988, BMW 1994, na mwaka 2000 BMW wakaigawa. Land Rover ikaenda kwa Ford, Mini wakabaki nayo wenyewe, na Rover iliyobaki ikauzwa kwa pauni 10. Pauni kumi, hela ya kula siku mbili. Wenye Rover mpya walikosa hata gari dogo la kuuza, wakaagiza Tata Indica kutoka India wakaibandika jina la CityRover mwaka 2003. Aprili 2005 Longbridge ikafunga, watu kama elfu sita wakarudi nyumbani. Miaka mitatu baadaye Tata haohao wakainunua Land Rover pamoja na Jaguar. Angalieni viwili kati ya vilivyopona: Land Rover na Mini. Ni yale mawili ambayo aliyeyachora alijua nani atayapanda na kwenda nayo wapi.

Nilimpigia baba Jumapili nikamsimulia yote haya. Akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Na wale waliochora lile gari la usukani wa pembe, waliitwa wavivu?" Nikamjibu sikuona popote walipoitwa hivyo. Akasema, "Haya mwanangu, andika."

Mwakani nitakuwa darasani nafundisha historia, na mada ya viwanda ipo. Sitaki mwanafunzi wangu atoke na jibu la sentensi moja kama lile la Ijumaa. Nitampangia yale magari ubaoni, moja moja, na nitamuuliza kila mara: hili nani aliliamua?

Jamaa wa sheria, uwanja ni wako sasa, nakusubiri kimbwetani. Chai ni juu ya atakayeshindwa.

Nawasilisha.