Kujiita na Kuitwa

Wajerumani huiita nchi yao Deutschland. Sisi twaiita Ujerumani. Wanaisimu hulipa kila jina istilahi yake: la kwanza ni endonimu, la pili ni eksonimu. Anayetaka kuzifasiri huelekea kusema "jina la asili" na "jina la kigeni", na hapo ndipo anapopotoka. Istilahi hizi haziulizi neno limetoka wapi, bali limo kinywani mwa nani. "Waswahili" latokana na neno la Kiarabu sawahil, yaani pwani. Kwa chimbuko ni geni, lakini ni endonimu, maana wenyewe hujitambulisha kwalo. "Uajemi", kinyume chake, ni neno la Kiswahili la siku nyingi, ila kwa Wairani ni eksonimu, tena limetokana na neno ambalo Waarabu waliwaitia wasio Waarabu.

Kiswahili hakihitaji kwenda mbali kutafuta fasiri iliyo bora. Kitenzi "kuita" kimebeba tofauti hiyo katika viambishi vyake: -ji- humrudishia mtendaji tendo lake, -w- huliacha mikononi mwa mwingine. Basi endonimu iwe "jina la kujiita", na eksonimu "jina la kuitwa". Jamii tisa za pwani ya Kenya zilikuwa zikiitwa Wanyika, watu wa nyika. Kufikia katikati ya karne ya 20 zilikuwa zimeshika jina la Mijikenda, yaani miji tisa. Hapo kuitwa kulipisha kujiita, na maneno yote mawili yanaeleweka na msemaji wa Kiswahili. Suala la asili na ugeni halikuingia kabisa.

Yupo atakayesema endonimu na eksonimu zatosha. Katika mijadala ya kimataifa zina kazi yake, lakini mwanafunzi hana budi kuzikariri, ilhali kujiita na kuitwa hujieleza. Pingamizi zito zaidi ni hili: mbona mtu akitaja jina lake mwenyewe husema "naitwa Asha"? Sarufi hapo haikukosea. Asha hakujipa jina. Alipewa na wazazi, naye akalipokea. Mtoto hawezi kujiita kabla hajaitwa. Jamii yaweza, na istilahi hizi zinahusu majina ya jamii na nchi zake.