Kisukari Karagwe na Kyerwa: Sindano ya kupunguza uzito na sahani ya ndizi

MSAFIRI Mwingereza, John Hanning Speke, alipofika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, alistaajabia wanawake wa ukoo wa kifalme walionyweshwa maziwa hadi wakashindwa kusimama kwa unene. Alimpima hata mke wa kaka yake mfalme, mkono na paja. Unene ulikuwa heshima, na fikra hiyo haijatoweka kabisa Karagwe wala Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012.

Madaktari huutazama kwa jicho jingine. Mafuta yakizidi tumboni, kwenye ini na kongosho, insulini hushindwa kufanya kazi yake na sukari hubaki katika damu. Ndivyo kisukari cha aina ya pili kinavyoanza kwa wagonjwa wengi, ingawa wembamba nao hukipata.

Dawa zinazovuma siku hizi ni sindano za mara moja kwa wiki: semaglutidi (Ozempic), iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, na tirzepatidi (Mounjaro), mwaka 2022. Huiga homoni za utumbo, zikachochea insulini sukari inapopanda, zikachelewesha chakula tumboni na kupunguza hamu ya kula. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari hiki wenye unene uliokithiri pamoja na maradhi ya moyo au figo. Lakini ni ghali, na kabla ya kufunguliwa hutunzwa kwenye jokofu, sharti zito kwa kaya isiyo na umeme. Kwa wengi metformini, kidonge cha bei nafuu kisichonenepesha, ndiyo tegemeo.

Kumwambia Mnyambo aache ebitoke ni kama kumwambia ahame kwao. Si lazima. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo ndizi za kupika, robo maharage au samaki. Maharage hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Ndizi mbivu zina sukari nyingi zaidi, na soda au chai yenye vijiko vinne ni bora viachwe. Rubisi ni hatari ya aina mbili, sukari na kilevi, hasa kwa anayetumia insulini au glibenklamidi: akinywa bila kula, sukari yaweza kushuka ghafla.

Anayechoma sindano hupoteza mafuta na misuli pia. Kwa hiyo ale mayai, maziwa, maharage, hata senene waliokaangwa bila mafuta mengi, na afanye kazi za nguvu. Kinachoshauriwa ni angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki. Jembe hutosha msimu wa kulima. Baada ya hapo bodaboda hubeba miguu yote, na ndipo kutembea kunapohitajika. Anayetumia insulini au glibenklamidi asiende shambani bila kula, abebe na sukari kidogo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, kwa watu wanene wasio na kisukari, ulionyesha kuwa walioacha semaglutidi walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopunguza ndani ya mwaka mmoja.

Kichefuchefu na kufunga choo ni kawaida mwanzoni. Maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni si kawaida: huenda ni kongosho, na mgonjwa afikishwe siku hiyohiyo hospitali, Nyakahanga kwa wa Karagwe, Isingiro kwa wa Kyerwa.