Kimfereji cha pembeni mwa reli si ufa

Ukikulia Musoma, Bunda au Butiama, huenda hujawahi kusimama barabarani kusubiri treni ipite. Reli ya Kenya ilifika Kisumu mwaka 1901. Ya kutoka Tabora ikaishia Mwanza mwaka 1928. Mara ikabaki katikati, ikitegemea meli na barabara.

Basi siku ukisafiri ukafika pale barabara inapokatiza reli, hebu angalia chini. Kila reli ina kimfereji upande wake wa ndani. Humo hupita ukingo wa gurudumu, ule unaolizuia lisitoke njiani. Malori yakikijaza udongo ukashindiliwa, gurudumu linaweza kupanda juu na treni ikaanguka. Ndiyo maana genge la reli hukikwangua mara kwa mara.

Adui mwingine ni maji. Yakituama, kokoto hugeuka tope na reli hutitia. Hapo genge hufunga barabara, hufumua lami, hubadilisha mataruma yaliyochoka, humwaga kokoto safi na kuzishindilia.

SGR imekwepa kazi hii kwa kupitisha barabara juu au chini ya reli. Ile ya zamani, yenye upana wa mita 1, bado inamhitaji mtu mwenye sururu na chepe.