Marumaru ya Athens na Adui Zake

Neno marumaru lilianzia Ugiriki, likapitia Kiarabu, ndipo likatufikia sisi. Basi si vibaya tukilifuata hadi kwao, juu ya kilima cha Acropolis mjini Athens, tuone jiwe lenyewe limefikwa na nini.

Wengi hudhani marumaru ni jiwe lisilokufa. Kikemia, hata hivyo, ni ndugu wa chokaa. Moshi wa magari na viwanda una gesi ya salfa. Gesi hiyo ikikutana na unyevu huwa asidi, nayo asidi huigeuza ngozi ya jiwe kuwa jasi. Jasi huyeyuka upesi kuliko marumaru. Panaponyeshewa, mvua huichukua pamoja na pua, vidole na mikunjo ya nguo aliyoichonga fundi. Pasiponyeshewa, hunasa masizi na kufanya gamba jeusi. Ndiyo sababu mwaka 1979 sanamu tano za wanawake wanaobeba paa la Erechtheion, zilizosimama pale tangu karne ya 5 K.K., ziliteremshwa na kuwekwa katika makumbusho. Zinazosimama nje leo ni nakala.

Lakini moshi usibebeshwe lawama zote. Mwaka 1687 kombora la Wavenisi liliwasha baruti ambayo Waturuki waliihifadhi ndani ya Parthenon, hekalu likapasuka katikati. Kisha wakaja watengenezaji. Wajenzi wa kale walifunga mawe kwa vibanio vya chuma vilivyovikwa risasi (madini, si ya bunduki) ili visipate kutu. Mhandisi Nikolaos Balanos, aliyeanza ukarabati mwaka 1898, alitumia chuma kitupu. Kikashika kutu, kikavimba, kikayapasua mawe kutoka ndani. Kamati iliyoundwa mwaka 1975 ndiyo iliyoanza kazi ya kuving'oa na kutia vya titani.

Sanamu ya sita ya wanawake wale ilichukuliwa na watu wa Lord Elgin mwanzoni mwa karne ya 19, nayo iko British Museum, London. Wapo wanaosema huko imenusurika, na kweli mikunjo ya nguo yake ni dhahiri kuliko ya dada zake. Hoja hiyo hatuipuuzi. Ila mwaka 1937 na 1938, katika jumba hilohilo, sanamu za Parthenon zilikwanguliwa kwa zana za shaba ili ziwe nyeupe, zikapoteza sehemu ya ngozi yake ya kale. Wachongaji wenyewe walikuwa wamezipaka rangi.