Madini Nyuma ya Kasino: Kuisoma Gilda Kutokea Kamina

Wahakiki wengi wameichukua Gilda, filamu ya jinai ya mwaka 1946 iliyoongozwa na Charles Vidor, kuwa hadithi ya tamaa na wivu. Rita Hayworth anacheza katika kasino ya Buenos Aires, mumewe anamtazama, mpenzi wake wa zamani anamtesa kwa kuwa bado anampenda, na mwanga na giza vya mpigapicha Rudolph Maté vinasema yaliyobaki. Usomaji huo una haki yake, ila haujitoshelezi. Ninashikilia kwamba Gilda ni filamu ya madini, na mtu wa Kamina, mji wa Katanga nchini Kongo, ana sababu ya kuliona hilo mapema.

Ballin Mundson, mume huyo na mwenye kasino, haishi kwa meza za kamari. Ofisini mwake anaficha karatasi za umoja wa makampuni uliokusudia kuhodhi tungsteni ya dunia, ulioanzishwa kwa fedha za Wajerumani. Muziki wa ukumbini ni pazia la biashara hiyo. Atakayepinga atasema tungsteni ni kisingizio tu cha kusukuma visa, na kwamba hata almasi zingefaa. Sikubali. Ni kwa ajili ya karatasi hizo Mundson anaua, kisha anajifanya amekufa kwa ajali ya ndege. Tena, katika filamu nzima hatuoneshwi mgodi wala mchimbaji hata mmoja. Utajiri unafika Buenos Aires kana kwamba haukuchimbwa na mtu.

Sisi tunaijua hali hiyo. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, urani ya Shinkolobwe, karibu na Jadotville (Likasi ya leo), ilipita Kamina kwa reli ya BCK (Bas-Congo–Katanga) hadi Port-Francqui, ndiyo Ilebo, ikateremka mto Kasai hadi Léopoldville, ikapanda treni tena kwenda Matadi na kuvushwa hadi Marekani. Baadhi ya mawe ya urani hiyo yalifikia asilimia 65 ya oksidi ya urani. Sehemu kubwa ya urani ya Mradi wa Manhattan, mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki, ilitoka huko. Safari yote ilikuwa siri.

Tarehe 1 Julai 1946, Marekani ilipolipua bomu la atomiki katika kisiwa cha Bikini, Pasifiki, bomu hilo lilikuwa limebandikwa picha ya Hayworth na kuandikwa jina Gilda. Orson Welles, mumewe wakati huo, alisimulia baadaye jinsi mkewe alivyoghadhibika. Hayworth alikuwa na haki. Sura ya mwanamke wa kasino iliwekwa juu ya silaha, na ardhi ya Katanga haikutajwa popote.

Utawala wa Kibelgiji nchini Kongo, kwa upande wake, uliwatenga watazamaji Waafrika na kuwachujia filamu. Walioishi kando ya reli ile ndio walioamuliwa kuwa hawafai kutazama kila kitu.

Kwa hiyo walimu wa fasihi na historia wa Chuo Kikuu cha Kamina waiingize Gilda katika masomo yao, na wanafunzi waitazame wakiwa na ramani ya reli ya BCK mezani.