Kikombe Kimoja, Kiti cha Siku Nzima

Ukikaa Nairobi unaijua hii hesabu. Umeagiza kahawa moja, laptopu iko wazi, intaneti inaenda vizuri, na baada ya saa moja weita anaanza kuzungukazunguka meza yako. "Nikuongezee nini?" Maana yake unaijua: agiza ama uondoke.

Vienna, mji mkuu wa Austria, hesabu ni nyingine. Ukipata wikendi kule, ingia Café Sperl, iliyofunguliwa mwaka 1880, uagize melange, kahawa ya maziwa yenye povu. Italetwa kwa sinia ndogo pamoja na glasi ya maji. Magazeti yamebanwa kwenye fremu za mbao, jichukulie tu. Weita anaweza kukununia, hiyo ni kawaida yao, lakini hakufukuzi. Bei itakuuma kidogo, ila hujanunua kahawa peke yake. Umenunua kiti.

Na historia ya Vienna unaweza kuisoma kwa swali moja: hicho kiti, nani alikikalia?

Tuanze na hadithi tamu. Mwaka 1683 jeshi la Uthmaniya liliuzingira mji huo kwa takriban miezi miwili, likashindwa, likakimbia. Inasemekana lilitupa magunia ya punje za ajabu, watu wakadhani ni chakula cha ngamia. Bwana mmoja aliyekuwa jasusi, Georg Franz Kolschitzky, akazitambua na kufungua mkahawa wa kwanza. Ana hata sanamu, ilisimamishwa 1885. Shida ni kwamba kumbukumbu za serikali zinamtaja mwingine: Johannes Diodato, Mwarmenia, aliyepewa leseni mwaka 1685 ya kuuza kahawa peke yake kwa miaka 20. Mhamiaji alipata leseni, sanamu akapata mwenzake. Hata neno lenyewe ni la wasafiri: qahwa ya Waarabu ikawa kahve ya Waturuki, ndipo Ulaya ikalipata. Anayekunywa kahawa chungu barazani Mji wa Kale, Mombasa, na anayekunywa melange Vienna wamechota kisima kimoja.

Sasa kwa nini watu walikaa sana? Jibu ni kodi ya nyumba. Kufikia 1910 Vienna ilikuwa na watu kama milioni 2 na vyumba havikutosha. Kuna waliokodi kitanda tu, tena kwa saa: wewe ukienda kazini, mwingine analala. Hata waliokuwa na chumba, mara nyingi kilikuwa kidogo na cha baridi. Mkahawani kulikuwa na moto, taa, magazeti na watu wa kubishana nao. Ilikuwa sebule ya wasio na sebule.

Ndiyo maana Café Central, iliyofunguliwa 1876, ilijaa waandishi. Peter Altenberg alikuwa anaandikiwa barua kwa anwani ya mkahawa huo. Leon Trotsky, aliyeishi Vienna kutoka 1907 hadi 1914, alicheza sataranji humo kabla ya kwenda kuipindua Urusi. Wengi wa waliozipa meza hizo jina walikuwa Wayahudi, ama wa asili ya Kiyahudi.

Halafu Machi 1938 Hitler akaimeza Austria. Wateja wa jana wakaambiwa mikahawa si yao tena. Wenye mikahawa wa Kiyahudi wakanyang'anywa biashara. Egon Friedell, mwanahistoria na mchekeshaji aliyekuwa mtu wa Café Central miaka na miaka, alijirusha dirishani kwake tarehe 16 Machi, wanamgambo wa Nazi walipofika mlangoni. Stefan Zweig, aliyekuwa ameshaondoka 1934, alikufa uhamishoni Brazil mwaka 1942. Wayahudi zaidi ya 65,000 wa Austria waliuawa. Kiti kikabaki, mwenye kukikalia hayupo.

Hilo watalii wengi hulipita. Foleni ya Café Central siku hizi inafika nje, watu wanapiga picha za keki na sanamu ya Altenberg aliyeketishwa karibu na mlango. Hakuna ubaya, keki ni nzuri. Lakini ukitoka, angalia chini. Katika mitaa kadhaa ya Vienna kuna vibao vya shaba kwenye lami, vyenye majina ya waliotolewa kwenye nyumba hizo.

Jioni nenda Café Hawelka. Leopold Hawelka na mkewe Josefine waliifungua 1939, vita ikaifunga, wakaifungua tena 1945 katika mji uliopigwa mabomu. Wasanii wasio na pesa walikaa humo hadi usiku, wakisubiri Josefine atoe jikoni buchteln, mikate laini iliyojazwa jemu. Leopold alifariki 2011 akiwa na miaka 100. Mikate hiyo bado inatolewa usiku.

Agiza mmoja. Kaa. Na meza ya pili ikiwa tupu, kumbuka kwamba mji unaweza kuwa mkarimu kwa miaka 50, kisha wiki moja tu ikatosha kuamua nani hana haki ya kuketi.